Karisa fupi: ua wa kijani mwaka mzima juu ya mwamba wa Mombasa

Krismasi ikikaribia, kitaluni kwangu Bamburi hawakosekani wateja wenye picha kwenye simu. Picha huwa ni ile ile: kichaka kifupi kilichojaa vizuri, majani ya kijani kilichokoza yanayong'aa, yana ncha za miiba, na katikati yake vitunda vyekundu. Hiyo ni holi, mti wa kadi za Krismasi. Wanautaka mbele ya baraza, mmoja kila upande wa mlango. Mimi huwaambia kabla hawajatoa hata shilingi: holi ya Ulaya haitakaa Mombasa. Ni mti wa nchi za baridi na unapenda udongo wenye uchachu, nasi tumekalia mwamba wa matumbawe, chokaa tupu. Zile holi fupi za asili ya Japani na China, ambazo Wamarekani huzipanga chini ya madirisha yao, nazo zimezoea majira ya baridi tusiyoyajua huku. Kenya tunayo holi yetu ya kienyeji, Ilex mitis, ila hiyo ni mti mrefu wa misitu ya milimani, kandokando ya mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Si kitu cha kupanda barazani.

Umbo lile wanalolitaka linapatikana lakini, na kwa pwani mti wenyewe ni karisa fupi. Jina lake la kitaalamu ni Carissa macrocarpa. Asili yake ni ukanda wa bahari wa Afrika Kusini na Msumbiji, kwa hiyo upepo wa chumvi kwake ni jambo la nyumbani. Ni ndugu wa mtandamboo wetu wa porini. Majani yake ni manene, mviringo, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, wala hayapukutiki kiangazi. Maua ni meupe, yana petali tano, na jioni harufu yake hufika hadi sebuleni. Matunda huiva yakawa mekundu. Mwiba wake umegawanyika ncha mbili, na mtu aliyechomwa nao mara moja hapiti tena hapo.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza kuliko samadi na maji: ua mfupi huanza kwa kuchagua mti uliozaliwa mfupi. Watu hununua fikasi kwa sababu ni rahisi na inakua haraka. Haraka hiyo hiyo ndiyo itakayokugharimu. Baada ya miaka michache iko sawa na paa, mizizi imeingia chini ya sakafu ya baraza na kulitafuta tangi la maji taka, na kila baada ya wiki mbili unamlipa mtu mwenye panga aje airudishe chini. Duranta ya njano nayo ni hivyo hivyo, ukiiacha mwezi mmoja wa mvua inakuwa kichwa cha mtu aliyeamka. Mti unaotaka kwenda mita tano haukubali kukaa futi mbili, utashindana nao maisha yako yote. Karisa fupi inakwenda yenyewe hadi sentimita 45 au 60, basi. Mkasi unabaki wa kuipamba tu.

Bibi mmoja wa Tudor aliniambia, "Mwanangu, mie nataka kitu ambacho hata nikenda Lamu mwezi mzima, nikirudi nikikute vile vile nilivyokiwacha." Nikamjibu, "Bi mkubwa, hicho ni karisa." Na nilimaanisha.

Kutambua iliyo fupi kweli

Hapa wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Karisa ya kawaida hufika mita mbili au tatu na zaidi, na ikiwa bado mche mdogo inafanana sana na ile fupi. Tazama shina. Kwenye karisa fupi majani yamesongamana, kutoka jozi moja ya majani hadi nyingine ni upana wa kidole tu, na matawi yanatoka kwa chini kabisa, karibu na udongo. Ile ndefu ina shina moja linalokimbilia juu, na nafasi kati ya jozi na jozi ni pana.

Muulize muuzaji kama mche umetokana na kipande cha tawi au mbegu. Mbegu za karisa fupi hazirithi ufupi kwa uhakika. Ukipanda miche kumi ya mbegu utapata ua wa ngazi ngazi. Taka ya vipande, na ikiwezekana yote itoke kwa mti mama mmoja. Kuna aina mbili zinazotafutwa zaidi kwa jina. Boxwood Beauty haina miiba, na hiyo ndiyo ninayoitoa kwa nyumba yenye watoto wadogo. Green Carpet hutambaa na kufunika ardhi, huinuka kidogo tu, inafaa mteremko au ukingo wa njia ya gari. Muuzaji asipojua jina la aina, usijali sana, shina litakwambia.

Kisha muombe uutoe mche kidogo kwenye mfuko wake. Mizizi myeupe au ya hudhurungi isiyokatika kwa kushikwa ni mizima. Ikiwa imejizungusha mfukoni mara nyingi hadi imekuwa kamba, mche umechelewa kupandwa, na huo utasumbuka ardhini. Mizizi myeusi yenye harufu ya uozo, uache hapo hapo hata ukipunguziwa bei.

Kwa ua, panda kila nusu mita. Ukuta wa mita 6 unahitaji miche 13 ukihesabu wa mwanzo na wa mwisho. Ukitaka ufunge upesi, punguza hadi sentimita 45, lakini usizidi hapo. Ikibanana sana upepo haupiti ndani na magonjwa hupata makao.

Jua ni lazima, saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe au upande wa nyuma ambapo ukuta wa jirani unaziba jua, karisa haifi, lakini inarefuka na kufungua nafasi, na ule mjazo ulioununulia hauupati.

Ardhi ya Mombasa si moja

Nikiitwa kupanda, swali langu la kwanza ni mtu anakaa wapi, maana kazi ya Nyali na kazi ya Mikindani hazifanani hata kidogo.

Kisiwani, Nyali na sehemu kubwa ya ukanda wa bahari, unachimba kiganja kimoja cha udongo kisha mtaimbo unalia ngo! Huo ni mwamba wa matumbawe. Usikate tamaa na usipande juu yake ukitumaini mche utajua pa kupita. Ukoko wa juu ndio mgumu. Chini yake mwamba una nyufa na vitundu, na ukishauvunja maji hupita vizuri na mizizi hufuata. Vunja shimo la futi moja na nusu upana na kina hicho hicho. Mwenye ua mrefu achimbe mtaro mmoja badala ya mashimo mengi, jasho litakuwa kidogo kwa kila mche.

Bamburi hadi Shanzu utakuta mchanga mwingi juu ya mwamba. Kuchimba ni rahisi, ila maji na mbolea hupita kama vile hayakuwahi kumwagwa. Hapo samadi iwe nyingi na matandazo yasikosekane.

Changamwe, Mikindani na Miritini ndiko udongo mzito unaoshikana. Unapasuka kiangazi na kugeuka tope masika. Karisa huvumilia chumvi, upepo, ukame na udongo duni, lakini haivumilii miguu iliyosimama majini. Chimba shimo moja la majaribio, jioni lijaze ndoo mbili za maji, asubuhi urudi. Ukikuta maji bado yamesimama, usipande kwenye shimo. Panga mawe au tofali kwa kimo cha futi moja, jaza udongo mzuri, upande juu ya tuta hilo. Mei ndio mwezi wetu wa mvua kubwa kuliko yote, na karisa nyingi za upande wa Changamwe hufa Mei hiyo, mizizi imeoza, huku mwenyewe akidhani ni ugonjwa ulioletwa na mche.

Nyumba mpya ina tatizo lake. Mafundi wakimaliza kujenga hufukia mabaki ya zege, chokaa na saruji pale pale kando ya ukuta, ambapo ndipo utakapotaka ua. Yaondoe yote. Ardhi yetu tayari ina chokaa ya kutosha, na ukiiongeza majani yatakuwa ya njano kabla ya mwaka kuisha.

Mchanganyiko wangu ni karai mbili za udongo mwekundu, karai moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza, na nusu karai ya mchanga wa mto. Upande wa mchanga, Bamburi na Shanzu, mchanga wa mto uache, weka samadi karai moja na nusu. Samadi iliyo tayari haina joto ukitia mkono katikati ya rundo, wala hainuki mavi. Mbichi itaunguza mizizi. Na mchanga wa ufukweni usiulete kwenye bustani, una chumvi, na vipande vya kombe vilivyomo ndani yake ni chokaa juu ya chokaa.

Siku ya kupanda

Wakati mzuri ni mwanzoni mwa masika, Aprili, mvua za kwanza zikishalainisha ardhi. Wa pili ni vuli, Oktoba na Novemba. Januari hadi Machi kaskazi inavuma, jua ni kali na maji ya bomba yenyewe ni ya kuviziwa. Mche mchanga utateseka bure.

Panda jioni. Asubuhi ya siku hiyo mwagilia miche mifukoni hadi maji yatoke chini. Rudisha mchanganyiko shimoni hadi nusu, ukandamize kwa mguu, umwagie maji utulie. Pasua mfuko kwa wembe ubavuni. Usiuvute mche kwa shina. Uweke ili pale shina linapokutana na udongo pawe sawa na ardhi au juu kidogo, upana wa kidole. Kuzika shina ni kualika uozo. Jaza pembeni, shindilia kwa mikono, tengeneza kibwawa kuuzunguka, kisha umwagie lita 10 polepole hata kama mawingu yamefunga.

Baadaye matandazo, unene wa vidole vitatu au vinne, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja. Hapa sisi wa Bamburi tumebahatika. Majani ya mvinje, zile sindano zinazodondoka, ndiyo matandazo ninayoyapenda kuliko yote, na kisa chake kiko hapa hapa mtaani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya saruji ya Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu usio na udongo. Mvinje ndio ulioshika. Sindano zake zikarundikana chini bila kuoza, hadi majongoo wenye miguu mekundu walipoletwa wakazila na kuzigeuza kuwa udongo. Leo pale ni msitu, Haller Park, na watoto wa shule wanapelekwa kuwaona viboko na twiga. Kwa hiyo ukiweka sindano za mvinje chini ya karisa yako na ukaona jongoo wamekuja, waache. Wanakufanyia kazi ile ile waliyoifanya kule machimboni.

Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa nayo ni mazuri. Ila yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yamenywa chumvi. Yasuuze kwa maji matamu mara kadhaa kabla ya kuyaweka.

Kwenye mitaa yenye mbuzi wa kuzurura, kama huko Kisauni, zungushia matawi makavu ya miiba miezi ya kwanza. Mwiba wa karisa changa bado ni laini, na mbuzi hula ncha zote usiku mmoja.

Maji matamu na maji ya kisima

Mwezi wa kwanza baada ya kupanda, siku ambayo mvua haijanyesha na jana yake pia haikunyesha, mwagilia lita 5 kila mche. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki hadi msimu wa mvua ujao. Mwaka ukipita, karisa iliyoshika itahitaji maji mara moja kwa wiki wakati wa kaskazi, na masika isiguswe kabisa.

Tatizo letu si kiasi cha maji tu, ni aina yake pia. Maji ya bomba hayaji kila siku, na maji ya kisima katika mitaa mingi yana chumvi. Karisa inastahimili chumvi inayopeperushwa na upepo kwenye majani yaliyokomaa; mizizi ya mche mchanga ni habari nyingine. Mwaka wa kwanza jitahidi uipe maji matamu. Baadaye, ukilazimika kutumia ya kisima, mwagilia mengi kwa mara moja, uache siku nyingi katikati, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni kunaikusanya chumvi juu. Utaijua kwa ukoko mweupe kwenye udongo na ncha za majani zilizoungua zikawa za hudhurungi. Mwagia chini kwenye udongo, majani usiyaoshe kwa maji hayo.

Na kuna maji ambayo watu wa Mombasa wanayamwaga kila siku bila kuyafikiria, ya kiyoyozi. Ule mpira mdogo unaotoka ukutani na kudondosha maji nje ya chumba cha kulala unatoa maji yasiyo na chumvi hata chembe, na kwa unyevu wa hewa yetu yanatoka lita nyingi usiku mmoja. Weka jerikeni ya lita 20 chini yake, funika mdomo kwa kitambaa cha chandarua mbu wasizalie, na asubuhi una maji ya miche minne. Wateja wangu wa Nyali wenye ghorofa wamelea ua mzima kwa mtindo huo. Maji ya kuoshea mchele na mboga pia ni mazuri. Yenye Jiki au sabuni ya unga, mwaga kwingine.

Mkasi

Machipukizi ya kwanza yakifikia urefu wa kiganja, finya ncha kwa kucha. Pale ulipofinya yatatoka mawili au matatu, nayo yakikua uyafinye tena. Fanya hivi mwaka wa kwanza na ua utajaa tangu chini. Ukisubiri urefuke ndipo ukate, utapata mwavuli: juu umefunga, chini ni vijiti.

Baada ya hapo kata mara mbili tu kwa mwaka, Machi mwishoni kabla ya masika na Septemba mwishoni kabla ya vuli, ili mvua iyapokee machipukizi mapya. Januari usikate, majani ya ndani ambayo hayajazoea jua yataungua. Umbo liwe pana chini na jembamba kidogo juu, jua lifike hadi miguuni. Vijana wengi wa bustani hukata ukuta ulionyooka au, vibaya zaidi, uliochongoka chini, na baada ya mwaka sehemu ya chini imekauka kwa kukosa mwanga.

Karisa hutoa maua kwenye ncha za matawi. Kila ukinyoa, unanyoa maua na matunda. Anayetaka ukingo ulionyooka kama rula atakosa harufu, na mimi namshauri achague harufu. Tumia mkasi mdogo wa mkono, kata tawi moja moja ndani kidogo ya kichaka, mkato usionekane.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia kila mwezi. Karisa fupi mara nyingine hutoa chipukizi moja nene, lenye haraka, linalosimama wima kupita wenzake wote, na majani yake yameachana mbali. Hilo linarudi kwenye asili yake ndefu. Usilikate juu, litazaa mengine. Lifuate hadi linapotokea, ulikate hapo chini kabisa. Ukiliacha msimu mmoja, litameza kichaka kizima na utabaki na karisa ya kawaida uliyoilipia bei ya fupi.

Ukikata, utomvu mweupe kama maziwa utatoka. Vaa glavu za ngozi, usijiguse macho. Mkasi uliogandwa na utomvu futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha paka mafuta ya kupikia kidogo usishike kutu. Hewa yetu inakula chuma.

Majani ya njano, masizi, na matunda

Majani mapya yakitoka ya njano huku mishipa yake imebaki ya kijani, mti umekosa madini ya chuma. Chuma kipo ardhini, ila chokaa ya matumbawe imekifunga, mizizi haikipati. Kuongeza mbolea ya chumvichumvi hakusaidii. Weka samadi iliyooza au mboji karai moja kwa kila miche mitatu, chini ya matandazo, na ukitaka matokeo ya haraka nunua kwenye duka la pembejeo ile mbolea ya chuma ya kupulizia majani, upulize jioni. Majani ya zamani yakiwa njano machache machache na kudondoka, hiyo ni kawaida yake.

Kwa lishe ya kila mwaka, samadi mara mbili, kabla ya masika na kabla ya vuli, inatosha kabisa. Yurea itakupa machipukizi marefu laini, wadudu watashangilia, na ule ufupi ulioutafuta utapotea.

Ukiona masizi meusi juu ya majani, geuza jani. Utakuta wadudu wadogo wenye magamba wameganda kwenye mshipa wa kati, au weupe wa ungaunga kama pamba, na sisimizi wakipanda na kushuka. Wadudu hawa hunyonya mti na kutoa utamu, sisimizi wanaufuata na kuwalinda, na masizi huota juu ya utamu huo. Kwa hiyo anza na sisimizi: tafuta tundu lao ulimwagie maji ya moto, mbali na mizizi. Wadudu wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya mche, kisha pulizia maji ya mwarobaini. Twanga majani mabichi yajae kisado, yaloweke kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, weka kijiko kimoja cha sabuni ya maji, pulizia jua likizama. Rudia baada ya wiki moja, kwani mayai hayafi mara ya kwanza. Mwarobaini umejaa kila mtaa wa Mombasa. Hakuna haja ya kukimbilia sumu ya dukani.

Matunda huliwa yakiwa yameiva tu, mekundu kote na laini ukiyabonyeza. Utamu wake una ukali kidogo, na ndani utaona matone ya maziwa, hayo ni ya kawaida. Hufaa kwa jemu. Mabichi, majani na sehemu nyingine za mti visitiwe mdomoni. Waonyeshe watoto mti wenyewe kwa kidole, maana karisa iko ukoo mmoja na oleanda, na oleanda ina sumu kali kila sehemu yake, nayo imepandwa kwenye nyua nyingi za hapa mjini. Mtoto aliyezoea kuchuma uani kwenu asije akachuma kwa jirani. Usishangae matunda yakiwa machache; maua ya karisa yanategemea nondo na wadudu wa usiku wayachavushe, na taa kali za nje zinazowaka hadi alfajiri huwapotosha. Zizime baadhi.

Na mwenye nafasi ndogo

Kwa anayekaa fleti Kizingo au Tononoka, mwenye roshani tu, kuna mmea mwingine unaoikaribia zaidi ile picha ya Krismasi: Malpighia coccigera, unaoitwa holi ya Singapore ingawa asili yake ni visiwa vya Karibi. Majani ni madogo kama kucha, yana meno ya miiba pembeni sawasawa na holi, maua ni ya waridi yaliyofifia. Unakua polepole mno, mita moja ni mwisho wake, na unapenda kukaa kwenye chungu. Upe jua la asubuhi, chungu chenye tundu, mchanganyiko ule ule wa udongo lakini usio wa chokaa. Upepo wa bahari wa moja kwa moja hauupendi kama karisa.

Kuzalisha yako mwenyewe

Ukishakuwa na kichaka kimoja kizuri huna haja ya kununua vingine. Kipande cha karisa kikikatwa na kuchomekwa ardhini kama muhogo mara nyingi hukauka. Fanya hivi. Chagua kitawi cha unene wa penseli. Kutoka ncha pima urefu wa kiganja, na hapo kikate kwa kisu chenye makali hadi nusu ya unene wake, kisikatike kabisa. Kikunje taratibu mpaka kining'inie, ganda la upande mmoja likiwa bado limekishika kwa mama. Maziwa yatadondoka; yafute kwa kitambaa kikavu. Kiache kining'inie miezi miwili. Kitaendelea kuwa kijani, na kwenye kidonda patavimba kovu nene jeupe. Hapo ndipo mizizi itakapotokea.

Kovu likikomaa, kitenganishe na mama, ukichomeke kwenye mchanga wa mto uliooshwa, kivulini, mchanga uwe na unyevu bila kulowa. Kwa kama mwezi kitakuwa na mizizi. Kivute kidogo kwa vidole viwili, kikigoma, kimeshika. Kihamishie kwenye mfuko wa udongo mwekundu na samadi, kipe jua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kikae humo hadi msimu wa mvua unaofuata. Zalisha michache ya akiba kila mwaka na uiweke kando ya jiko au chini ya bomba, ili mmoja wa uani ukifa upate wa kuzibia pengo wenye umbo na rangi ile ile, kutoka kwa mama yule yule.